Kumfundisha kijana mwenye Prader-Willi kukaa na watu kupitia simu: darasa la nje, mtaalamu mmoja, au kikundi cha WhatsApp?

Mwanangu ana miaka 15, na anasalimia vizuri kuliko watoto wengi wa mtaa wetu hapa Kirumba, Mwanza. Akimwona mzee anasimama, anatoa shikamoo, anasubiri marahaba, anauliza habari za nyumbani, na kwa bibi yake anaongeza mwangaluka ya Kisukuma. Salamu ina mpangilio, naye anapenda kitu chenye mpangilio. Shida huanza salamu inapoisha. Hapo hana pa kushika, na swali linalomjia ni lilelile: "Mmepika nini?" Mgeni anacheka, anajibu. Anaulizwa tena. Mara ya tano mgeni ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Naandika kwa wazazi wa huku Kanda ya Ziwa wenye kijana wa aina hii, wanaotaka afundishwe kuongea na wenzake na kupata hata rafiki mmoja, na ambao wameambiwa "tafuta msaada mtandaoni" bila kuambiwa upi. Ndani ya miaka miwili nimepita njia tatu. Hazilingani, na iliyonivutia zaidi mwanzoni ndiyo iliyotuumiza zaidi.

Kwanza hali yenyewe, kwa kifupi. Prader-Willi hutokea pale sehemu fulani ya kromosomu ya 15, ile iliyotoka kwa baba, inapokosekana au isipofanya kazi. Ilielezwa mwaka 1956 na madaktari watatu wa Zurich huko Uswisi: Prader, Labhart na Willi. Mtoto anazaliwa mlegevu, kunyonya kwake ni kwa taabu, kisha miaka ya mbele njaa inaingia na haitoki, kwa sababu ubongo haupati taarifa ya kushiba. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 30,000. Mara nyingi hutokea tu mwanzoni mwa uhai wa mtoto, bila kosa la mtu yeyote. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu mimi niliambiwa mambo mengine yote kabla ya kuambiwa hilo.

Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya 2022. Kwa hesabu ya kwenye karatasi tungekuwa na watu zaidi ya mia moja wenye hali hii hapa mkoani. Nje ya nyumba yangu mimi namjua mmoja. Kwa hiyo kukutana ana kwa ana kila wiki haiwezekani, na ndiyo maana tunazungumzia simu.

Watu wakisikia Prader-Willi wanakumbuka njaa peke yake. Lakini kwenye kuchagua msaada wa mtandaoni, mambo mengine manne yana uzito uleule: kijana anavurugika ratiba ikibadilika ghafla, anarudia swali moja mara nyingi, anasinzia mchana, na maneno yake hayatoki wazi kwa sababu misuli ya mdomo ni milegevu. Mimi sasa naanza na hayo kabla sijatazama mtaala wa mtu yeyote.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni darasa la kundi kwa video kutoka nje ya nchi. Programu inayotajwa zaidi ni PEERS, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Elizabeth Laugeson pamoja na Fred Frankel. Ilianza kwa ajili ya vijana wenye usonji. Uzuri wake ni kwamba mzazi naye anasoma: kijana yuko kundi lake, mzazi kundi lake, saa moja na nusu kila wiki, kwa wiki 14 hadi 16. Ipo pia BOSS, iliyotokana na utafiti wa Elisabeth Dykens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, na hii ilitengenezwa hasa kwa vijana wenye Prader-Willi: wiki 10, mara 3 kwa wiki, kwa Zoom. Sisi tuliingia darasa dogo la Uingereza lililofuata mtindo wa PEERS, lenye vijana wa hali mchanganyiko.

Ya pili ni mtaalamu mmoja na mtoto mmoja. Wetu ni mwanasaikolojia anayefanya kazi Dar es Salaam, tunaonana naye kwa simu ya video nusu saa kila wiki, kwa Kiswahili.

Ya tatu ni kikundi kidogo cha WhatsApp. Cha kwetu kina vijana watano: wa Mwanza, Musoma, Bukoba, na wawili wa Kisumu. Wawili tu wana Prader-Willi, wengine wana hali tofauti. Wanatumiana ujumbe wa sauti siku yoyote, na Alhamisi saa kumi jioni wanapigiana simu ya pamoja, mzazi mmoja akiwa msimamizi kwa zamu.

Saa ndiyo iliyotushinda

Darasa la Uingereza lilianza saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao. Wakati wa baridi yao, hapa ni saa mbili usiku. Kwa nyumba nyingine ni muda mzuri. Kwangu chakula cha usiku kinaliwa saa moja na nusu kamili, sahani zinaoshwa, jiko linafungwa kwa kufuli na ufunguo naingia nao chumbani. Mwanangu anaishi kwa kufuli lile. Likishafungwa anatulia, maana anajua siku ya chakula imeisha. Kumweka mbele ya skrini wakati mwili wake umeshaanza kulala ilikuwa kama kumbeba mtu kupanda mlima. Wiki mbili za mwanzo alisinzia. Ya tatu alijitahidi, nikaona matumaini.

Kisha Machi ikafika. Uingereza husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha Oktoba. Sisi hatubadilishi chochote. Darasa likahamia saa moja usiku, nusu saa kabla ya chakula. Nilimweleza siku tatu kabla, nikamchorea saa ya ukutani, nikabandika karatasi. Haikusaidia. Mtoto ambaye anasubiri chakula hana nafasi kichwani ya kujifunza kusubiri zamu ya kuongea. Alipiga kelele, akachana daftari, akajikwaruza mkono mpaka ukatoka damu. Mwalimu wa darasa lile alikuwa mpole, wala simlaumu kwa kalenda ya nchi yake.

Marekani ni mbali zaidi. Saa kumi jioni ya Nashville ni saa sita usiku Mwanza, na wakati wao wa baridi ni saa saba usiku. Sijui mzazi ambaye angemwamsha mtoto saa hizo, na ukisikia mtu anakushauri hivyo, huyo hajawahi kulala nyumba moja na kijana wetu.

Kwa kigezo hiki mtaalamu wa Dar na kikundi vinashinda mbali sana. Saa ni yetu. Tumechagua saa kumi jioni makusudi: ametoka shule, amelala kidogo, amekula kitafunwa chake kilichopimwa, na chakula cha usiku kiko mbali kiasi cha kutosha.

Chakula kwenye skrini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mtu akilieleza.

Faida kubwa ya mtandao kwa mtoto wangu ni kwamba chumbani hakuna chakula. Kila mkutano wa watoto niliowahi kumpeleka, uwe wa kanisani au wa shule, una soda na maandazi, na sisi huku kumnyima mgeni kinywaji ni aibu. Mtoto anakaa saa nzima akitazama sinia, hasikii neno. Mbele ya simu, sinia haipo. Mara ya kwanza alipokaa dakika ishirini akimsikiliza kijana mwenzake bila kugeuka nyuma, nilitoka nje nikalia.

Lakini skrini nayo ina mlango. Kwenye darasa la mchanganyiko kijana mmoja alikuwa akila biskuti kwenye kamera, taratibu, moja baada ya nyingine, kama anavyofanya mtoto yeyote akiwa kwao. Mwanangu aliacha kabisa kilichokuwa kinafundishwa. Alisogea mpaka pua ikawa karibu na kioo. Nilimwandikia mwalimu, akaomba radhi, wiki iliyofuata biskuti zikarudi. Darasa la vijana wa Prader-Willi peke yao lingeweka sheria hiyo siku ya kwanza. Kwenye kikundi chetu tuliiandika kuwa kanuni namba moja: hakuna chakula kwenye kamera, wala picha ya sato wa kukaanga kwenye kikundi, hata siku ya sikukuu. Wazazi wote wameishika, na wale ambao watoto wao hawana shida ya njaa ndio wanaokumbusha wengine.

Kwa mtaalamu hatari ni nyingine, na ni kubwa. Wengi wamefundishwa kumtuza mtoto kwa pipi au biskuti akifanya vizuri. Kwa watoto wengine inafaa. Kwa Prader-Willi chakula hakitumiki kama zawadi, wala kama adhabu, kamwe. Mtaalamu wetu wa kwanza, kabla ya huyu wa sasa, alimwambia mwanangu mbele ya simu, "Ukimaliza vizuri mama atakupa biskuti mbili." Jioni nzima na siku iliyofuata niliulizwa habari ya biskuti mbili. Sikurudi tena. Huyu wa sasa nilimuuliza kabla ya kumlipa: umewahi kumhudumia mtoto wa hali hii, na utamtuza kwa nini? Alijibu kwamba hajawahi, lakini atasoma, na akaniuliza mtoto anapenda nini. Meli. Basi tuzo yake ni picha ya meli, anayoibandika daftarini. Jibu la namna ile lina thamani kuliko vyeti ukutani.

Sauti isiyo wazi, na swali linalorudi

Kwenye darasa la Zoom lenye watu kumi, mtandao ukiyumba kidogo, maneno ya mwanangu yalikuwa hayashikiki. Wenzake wakasema "rudia" mara mbili, tatu, kisha wakaendelea na mengine. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini aliyekuja kujifunza kuingia kwenye maongezi alikuwa anajifunza kwamba hayaingiliki. Tena lugha ilikuwa Kiingereza, kwa hiyo nilikaa pembeni nikitafsiri, na mama akikaa katikati ya vijana wawili, hapo hakuna urafiki.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulitupa kitu ambacho sikukitegemea. Anaweza kurekodi, akasikiliza, akafuta, akarekodi tena mpaka maneno yakae sawa. Hakuna anayemsubiri kwa kuguna. Na lile swali lake la kurudia limepata dawa ndogo. Mwanzoni alituma ujumbe 14 kwa mchana mmoja, wote unauliza, "Alhamisi tunaanza saa ngapi?" Yule binti wa Bukoba alimjibu mara moja tu, kwa upole: "Saa kumi. Ukisahau bonyeza hapa usikilize tena." Sasa ndivyo afanyavyo. Namsikia chumbani anabonyeza sauti ileile, saa kumi, saa kumi, na haniulizi mimi wala hawaulizi wao.

Kitu ambacho kikundi hakiwezi kufundisha ni sura. Kusoma uso wa mtu aliyechoka, aliyeudhika, anayetaka kuondoka, hilo linataka video safi na mtu mzima anayejua kusimamisha na kuuliza, "Umemwonaje?" Mtaalamu wetu anafanya hivyo kwa uso wake mwenyewe. Anajifanya amechoka, mwanangu anatafuta dalili. Ilichukua miezi mitatu kabla hajasema mwenyewe, "Macho yako yanaangalia pembeni."

Hapo pia nilielewa kwa nini masomo ya nje yanahitaji kushonwa upya. Yanamfundisha mtoto kumtazama mtu machoni moja kwa moja, na kumwita mwalimu kwa jina lake. Akifanya hivyo kwa babu yake wa Magu ataonekana hana adabu. Mtaalamu anayejua huku hutenganisha: kwa rika lako tazama, kwa mzee inamisha kidogo. Pia alianzia pale mtoto alipo hodari, kwenye salamu. Tumeongeza viungo viwili kwenye mnyororo ule ule: baada ya habari za nyumbani, uliza "umefanya nini leo", kisha sikiliza mpaka mwisho, kisha useme kitu kimoja kuhusu alichosema. Ni hatua ambazo hata PEERS inafundisha kwa namna yake, ila zimevaa kanzu yetu.

Bando, simu na umeme

Hili ni la hesabu tu. Zoom ya kundi hula kati ya MB 810 na GB 2.4 kwa saa. Mtindo wa PEERS wa wiki 16 ni saa 24, yaani kama GB 19 mpaka 58 kwa kijana, na kwa kuwa mzazi anasoma wakati huohuo kundi la pili, unahitaji simu mbili na bando mara mbili. Mtindo wa BOSS, hata ukifanya nusu saa tu kila mara, ni saa 15. Mtaalamu wa nusu saa kwa wiki 12 ni saa 6, kati ya GB 3 na 10 hivi, maana simu ya watu wawili hula kidogo kuliko ya kundi. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki MB 1. Kuzima kamera kunapunguza gharama, lakini ukizima, somo la nyuso limekufa. Na Zoom ya bure hukata kundi baada ya dakika 40, jambo ambalo uliweke kwenye ratiba ya mtoto kabla halijamshtua.

Mtandao ukikatika katikati ni pigo kwa njia zote za video. Nyumba zetu za mlimani kati ya mawe zinajua habari hiyo, na umeme ukienda mnara nao wakati mwingine unayumba. Karibu na meza nimebandika karatasi yenye picha tatu: hesabu mpaka kumi, chora meli, mama atapiga tena. Mtaalamu anayo nakala yake na anaitaja mwanzo wa kila kipindi. Darasani kwa watu kumi hakuna wa kutaja karatasi ya mtoto mmoja.

Nani yuko ndani ya simu

Hapa kikundi ndicho dhaifu zaidi. Mzazi mmoja aliwahi kuweka kwenye status yake kipande cha video ya mtoto wa mwenzake akilia. Aliona ni jambo la kugusa moyo. Mama wa mtoto alilia zaidi ya mtoto. Tangu hapo hakuna kurekodi simu ya Alhamisi, na kila mzazi amesaini karatasi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya za mtoto si kitu cha kusambaza. Mtaalamu au darasa lolote, waulize video inahifadhiwa wapi na nani anaiona.

Jingine: kijana mwenye simu na namba ya siri ya pesa ameshika ufunguo wa jiko. Wetu aliwahi kumwagiza dereva wa bodaboda chips mayai mbili, akalipa kwa simu yangu, akapokelea dirishani. Simu anayotumia sasa haina laini ya pesa, na mchana inakaa kwangu.

Ukiniuliza mimi

Kama mtoto ana miaka 12 au 13 na hasira za kuvurugika bado ni za kila siku, usianze na kundi lolote. Anza na mtaalamu mmoja, nusu saa, siku moja, saa ileile, hata kama ni mtaalamu kijana asiyejua Prader-Willi, mradi awe tayari kusoma na asitaje chakula. Kama ameshatulia na anaulizia marafiki, kikundi cha vijana wanne au watano kitampa kile ambacho mtaalamu hawezi kumpa: mtu wa rika lake anayesubiri sauti yake. Kikundi bila mtu mwenye ujuzi nyuma yake huchoka. Chetu kililala wiki nzima mbili wakati wa mvua za Aprili, wazazi tulipochoka, na aliyekiamsha ni mwanangu kwa kuuliza saa ngapi.

Darasa la nje ningelichagua kwa nyumba yenye mtandao wa uhakika, simu au kompyuta mbili, kijana anayeongea Kiingereza kwa raha, na saa isiyogusa chakula. Likiwa la Prader-Willi peke yao, bora zaidi. Mtaala wao ni mzuri kuliko chochote tulicho nacho, nasema hivyo bila kusita. Ila kwa watoto hawa kipindi cha kawaida kinachoanza kwa wakati kila wiki kinafanya kazi ambayo kipindi bora kinachohamahama hakiwezi.

Kabla ya kulipia mwezi, omba majaribio ya wiki mbili na uandike daftarini vitu vitatu tu: kilianza saa ngapi, kilikatika mara ngapi, na mtoto alikuwaje saa moja baada ya kumaliza. Hiyo ya tatu ndiyo niliyochelewa kuiandika.

Sisi sasa Jumanne ni mtaalamu, Alhamisi ni kikundi. Somo la wazazi la lile darasa la Uingereza sikuliacha. Mratibu alikubali niendelee peke yangu. Nalisikiliza usiku kwa spika za masikioni, jiko likiwa limefungwa na mtoto amelala, halafu Jumatatu namtumia mtaalamu ukurasa mmoja wa nilichoona kinafaa kushonwa upya.